Kengele ya Ufukweni

Nchi ya Sawia haimo katika ramani yoyote. Waliotoka kwenda kuitafuta walirudi kabla ya adhuhuri, wakasema haikuwa mbali. Ni nchi ya usawa. Jina lenyewe linasema. Raia wake wote ni sawa, na ili usawa huo usipotee ovyo, kuna wizara inayoutunza ndani ya kabati lenye kufuli.

Katika mji wake mkuu, ulio pwani, palikuwa na shule mbili za kuzungumzwa. Ya kwanza iliitwa Shule ya Mfano ya Ufukweni. Ilikuwa na madirisha ya vioo, kila mtoto alikuwa na dawati lake, na vitabu vya maktaba yake viliruhusiwa kusomwa. Ya pili iliitwa Shule ya Mikokoni. Hiyo ilijengwa wakati maji yamekupwa, na aliyepima kiwanja alikuwa mtaalamu kutoka bara ambaye hakuna mtu aliyemwambia kwamba bahari hurudi. Basi ratiba yake ilifuata maji. Yakipwa, watoto walisoma hesabu. Yakijaa, walipanda juu ya mabenchi wakasoma chochote kinachosomeka kwa kusimama. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, mwalimu mkuu aliita majina akiwa juu ya mnazi. Wizara iliisifu sana shule hiyo, kwa kuwa ndiyo pekee nchini iliyofundisha somo la bahari kwa vitendo.

Kwa miaka mingi wazazi waliigombania Ufukweni. Mwenye shangazi ofisini alipata nafasi, asiye na shangazi alipata Mikokoni. Serikali ikasikitika. Ikaunda tume, tume ikasafiri nchi za mbali kutazama watoto wa huko wanavyokwenda shule, ikarudi na masanduku mazito na Sheria ya Kengele.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi: mtoto atasoma katika shule ambayo kengele yake inasikika mlangoni kwao. Hakuna shangazi tena, hakuna bahasha. Ni sikio tu, na sikio kila mtu kapewa na Mungu.

Mji ukageuka. Madalali wa nyumba wakaanza kunadi vyumba kwa maneno mapya: maji yapo, umeme upo, kengele inasikika. Walitembea na kikengele kidogo mfukoni, na mpangaji akisimama mlangoni kutega sikio, dalali alikohoa kidogo huku akikitikisa. Majogoo walichinjwa kwa kosa la kuwika. Mafundi wa mabati walihamishiwa nje ya mji. Na waheshimiwa, ambao kwa sababu za usalama walikaa mbali kule vilimani penye upepo, nao hawakuachwa nyuma na usawa: siku maalumu kengele ya Ufukweni ilifunguliwa kwenye mhimili wake, ikapakiwa katika gari lenye bendera, ikapelekwa kupigwa milangoni kwao. Taarifa zote zilisema ilisikika vizuri sana.

*

Siwema alikaa Mtaa wa Kichangani, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa moja. Mwenye nyumba alipofariki, wanawe wawili waligombana, wakajenga ukuta kati na kila mmoja akapangisha upande wake. Upande mmoja alipanga Siwema, mpika vitumbua, na binti yake Raya. Upande wa pili alipanga Mize, mshona kofia, na binti yake Zena. Mabinti walikuwa hirimu moja, wakipendana tangu siku walipokula mchanga pamoja.

Mama zao walisalimiana. Zaidi ya hapo, Siwema alimwonea Mize wivu, na wivu huo ulianza zamani, kabla kengele haijawa sheria. Aliuonea wivu mlango wake, uliofungwa bila kulalamika. Aliuonea wivu upande wake wa paa, usiovuja, ingawa paa lilikuwa moja. Hata ujane wake aliuonea wivu. Mize alifiwa na mume, watu wakamletea pole na mchele. Siwema aliachwa, watu wakamletea ushauri.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni kiburi. Mize ukimwita kwa nyuma, hageuki. Ukibisha hodi, haitikii mpaka uingie umsimamie mbele ya macho, na hapo ndipo anapotabasamu kama malkia aliyeletewa mgeni.

"Kofia zimempanda kichwani," Siwema aliwaambia wateja huku akigeuza vitumbua. "Sisi wengine anatuona hatuna vichwa."

Siku ya kupimwa mtaa wao ilipowadia, alikuja Afisa Usikivu wa Kata, Bwana Faki, amevaa suti na amejaza pamba masikioni. Pamba ilikuwa ya kanuni, afisa asije akasikia neno likamshawishi. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuweza kusikia kengele, wala salamu, wala manung'uniko. Kazi yake ilikuwa kutazama mikono. Kila mama aliapishwa, akasimama mlangoni kwake. Atakayesikia kengele ainue mkono.

Mtaa ukanyamaza. Siwema alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Alisikia nzi, alisikia bahari, alisikia tumbo la mzee wa ng'ambo ya barabara likidai chai. Kengele hakuisikia. Wala hakuna mwingine aliyeisikia, maana kengele ya Ufukweni ilikuwa na ufa tangu siku ya uzinduzi, ilipopigwa na wageni rasmi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka kumshinda aliyemtangulia. Siku hizi ililia kama sufuria lililofunikwa blanketi. Na kina mama wa Kichangani, kwa kuwa walikuwa wameapa, walisimama na mikono yao chini.

Ndipo Mize, aliyekuwa akitazama mbali juu ya mapaa, akainua wake.

Bwana Faki akainamisha kichwa kwa heshima kubwa. Zena akapata Ufukweni.

*

Tangu hapo chakula hakikumshuka Siwema. Kila asubuhi Zena alipita mbele ya chuma chake cha vitumbua katika sketi ya buluu iliyopigwa pasi. Kila alasiri Raya alirudi kutoka Mikokoni, viatu mkononi, madaftari kichwani. Siwema aliyaanika madaftari hayo kando ya jiko, na yakikauka yaliacha chumvi nyeupe juu ya maandishi, hata hesabu alizopata mtoto zikafanana na alizokosa.

"Mama," Raya alimwambia siku moja, "Zena anasema kwao kuna dunia ya mviringo, juu ya meza. Unaizungusha kwa kidole."

"Na nchi yetu imo?"

"Haimo. Ila wameahidiwa itachorwa."

Siwema akajibu kwamba dunia si kitu cha kuchezea, akageukia moshi ili awe na sababu ya macho yake. Kesho yake alijifunga kanga mbili na kwenda ofisi ya kata kushtaki. Alitaka kusema jambo moja: kengele haiwezi kupiga hodi upande mmoja wa nyumba na kuupita mwingine, kwa hiyo Mize apimwe upya, kwani ni mwongo.

Lakini Bwana Faki alikuwa na pamba zake. Malalamiko yalipokelewa bila kusikika, kama ilivyo desturi ya ofisi hiyo. Siwema akalazimika kueleza kwa mikono. Akachora nyumba hewani. Akaonyesha upande huu, akagusa sikio, akatikisa kichwa. Akaonyesha upande ule, akagusa sikio, akabinua mdomo. Kisha, ili aonyeshe nyumba inapogawanyika, akaukata hewani ukuta wa katikati kwa kiganja, kwa hasira aliyokuja nayo.

Bwana Faki aliutazama ule mkato, uso ukamng'aa. Alikuwa ameelewa. Mhalifu ni ukuta.

*

Kamati ya Kusawazisha Usikivu ilifika Kichangani na viti vyake, na mahema yake, na maji yake ya chupa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kombo Madaraka, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuwasemea hata waliolala.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Imesikia kwamba humu ndani upo ukuta unaoizuia kengele isipite. Nauliza, ukuta huu ni nani? Uliomba kibali cha kusimama mbele ya maendeleo? Haukuomba. Basi leo tunauondoa, kengele itembee ndani ya nyumba hii bila kuulizwa kitambulisho."

Siwema alijaribu kueleza kwamba yeye hakuwa na ugomvi na ukuta. Mheshimiwa akaushika mkono wake akautikisa mbele ya wapiga picha, akamshukuru kwa uzalendo. Utepe ukakatwa, nyundo zikaanza, vumbi likatua ndani ya unga wa vitumbua. Ukuta ulipokwisha kulala chini, Kamati ikagundua jambo: nyumba sasa ni moja, na kwa sheria nyumba moja hupewa nafasi moja. Kwa hiyo nafasi ya Zena ilirudishwa mezani. Mama hao wawili wangepimwa tena, na atakayetangulia kuinua mkono, mwanawe ndiye atakayesoma Ufukweni.

Moyo wa Siwema ukaruka. Alikuwa bado hajapata kitu, lakini mwenziwe alikuwa amekosa, na kwa mwenye wivu hiyo ni nusu ya karamu.

*

Wakaanza kuishi bila ukuta. Walitundika shuka kati, Bwana Faki akaja akaliteremsha, kwani kitambaa hunywa sauti. Ikabidi kila mmoja amwone mwenziwe anavyofunga kanga, anavyoonja mchuzi, anavyojikuna.

Siwema alitazama kwa pupa. Akaona kwamba mlango wa Mize haukulalamika kwa sababu haukuwa na bawaba. Ulifungwa kwa kamba. Akaona ndoo kichwani mwa kitanda, mahali paa lilipovuja. Mambo aliyoyaonea wivu miaka yote yakaanguka moja moja, na badala ya kupumua, akajikuta anatafuta mengine. Hakutafuta sana. Raya alikuwa amehamia kwenye mkeka wa Mize. Alikaa pale alasiri nzima, bega kwa bega na Zena, wakimsaidia Mize kuchagua rangi za nyuzi, na alicheka kicheko ambacho mamake hakukijua.

Siku moja mfuniko wa sufuria ulimponyoka Siwema. Ulianguka sakafuni, ukazunguka ukipiga kelele mpaka paka akatoka mbio. Mize alikuwa amempa mgongo. Hakushtuka. Sindano iliingia na kutoka kwenye kofia kama kawaida.

Siwema akauokota mfuniko, akamtazama mwenziwe mgongoni, akauachia tena kwa makusudi.

"Mama, mifuniko imekukosea nini?" Raya akauliza. "Mama Zena hasikii. Homa ilimla masikio Zena akiwa mchanga. Ukimtaka, unamgusa bega. Kwani hukujua?"

"Nani mwingine anajua?"

"Sote. Watoto wote."

"Na ile kengele aliisikiaje?"

Raya akaeleza kama mtu anayeeleza jua linatoka wapi. Juu ya paa la Ufukweni hukaa njiwa. Kengele ikipigwa, wanaruka wote kwa pamoja. Mama Zena huwaangalia wao.

Siwema akakaa chini. Kumbe siku ile, katika mtaa mzima wa watu wenye masikio, aliyeisikia kengele alikuwa mmoja tu, naye ni kiziwi. Kwanza alifurahi, maana sasa alikuwa na silaha. Kisha akakumbuka hodi zote alizobisha akaona hazikuitikiwa, na salamu zote alizomrushia mwenziwe mgongoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa bega. Lakini jambo lililomkaa moyoni halikuwa hilo. Ni kwamba mwanawe alijua njia ya kulifikia lile bega, na yeye hakuijua.

*

Ilipokaribia siku ya kupimwa, Bwana Faki alikuja na tangazo. Mtaa mwingine mama mmoja alikutwa akichungulia saa ya ukutani, akainua mkono kwa wakati wa kengele bila kuisikia. Kwa hiyo, kulinda heshima ya sikio, wote wangefungwa vitambaa machoni.

Zena alimfikishia mamake habari kwa vidole. Mize akaiweka kofia chini. Akavuka mahali ulipokuwa ukuta, akaja kuketi mbele ya Siwema, karibu kabisa, amtazame midomo.

"Shoga, nadhani umeshajua," alisema. "Mimi sisikii. Na siku hiyo hata njiwa sitawaona. Wewe Mungu kakuachia masikio. Ikilia, niguse, tuinue mikono pamoja. Mikono miwili katika nyumba moja, hawatajua wamkate nani. Watatupa wote, au tutakosa wote, lakini watoto hawataachana."

Siwema aliyatazama macho yale yaliyokuwa yakimsoma. Hakuwa amewahi kusikilizwa namna hiyo na mtu yeyote, mwenye masikio au asiye nayo.

"Haya," akasema polepole, aonekane vizuri. "Nikiisikia, nitakugusa."

*

Mtaa wote ulikuja kutazama. Mheshimiwa Kombo Madaraka alikalia kiti kilichokuja na kivuli chake. Siwema na Mize walisimamishwa mlangoni, mmoja kulia, mmoja kushoto, vitambaa vyeusi machoni. Bwana Faki alisukumiza pamba ndani zaidi, akawakodolea macho mikono.

Kimya.

Ndani ya giza la kitambaa Siwema alihisi joto la bega la Mize, jirani kabisa na vidole vyake vya kushoto. Alitega sikio. Nzi. Bahari. Akatega tena. Akaona madaftari yenye chumvi. Akaona Raya amesimama juu ya benchi, maji yanapanda. Kisha akamwona Raya kwenye mkeka wa mwenziwe, akicheka. Akawaza kwamba huenda kengele ilishalia na ikampita. Huenda Mize, kwa uchawi wake wa kutosikia, ameshaihisi kwa nyayo, na mkono wake uko njiani. Huyu siku zote humtangulia. Na hapo, mahali fulani katikati ya kichwa chake, Siwema akasikia kitu kikilia, chembamba na kitamu, kama anavyosikia mtu jina lake likiitwa ndotoni.

Mkono wa kulia ukapanda juu. Wa kushoto ulibaki umekunjwa ndani ya kanga.

"Mkono mmoja!" Bwana Faki akatangaza, kwa ukelele wa mtu asiyejisikia.

Watu walipiga makofi. Siwema alikivua kitambaa. Mize alikuwa bado amesimama katika giza lake, uso kaugeuzia upande wa Siwema, anatabasamu kidogo, anangoja. Aliendelea kungoja mpaka Zena alipokwenda kumfungua.

Hapo hapo akafika mwalimu mkuu wa Ufukweni, anahema, viatu vimejaa mchanga. Aliomba radhi. Kengele haikupigwa. Tangu asubuhi ilikuwa vilimani kwa mheshimiwa mmoja mwenye mjukuu, na gari lilikuwa bado halijairudisha.

Umati ukatazamana. Mheshimiwa Kombo Madaraka hakutikisika. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnasikia? Kengele ambayo haikulia, imesikika. Kulia ikasikika, hata nchi nyingine zinaweza. Sisi tumekwenda mbele."

Siwema akapewa cheti chenye muhuri, Raia Msikivu wa Mwaka, na Raya akapewa Ufukweni.

*

Siwema alilifikiria jambo hilo huku akikaanga, akaona hana kosa. Alichoahidi ni kwamba akiisikia atamgusa. Kengele haikulia, isiyolia haisikiki, basi ahadi haikuvunjwa. Hoja hiyo ilikaa vizuri sana kichwani. Shida ni kwamba haikukubali kushuka chini ya shingo.

Mize hakugomba. Siku ile ile alikuwa amekikunja kile kitambaa cheusi kwa uangalifu kama anavyokunja vitu vyake vyote, akamrudishia afisa. Kwa Siwema alisema neno moja tu.

"Nilikuwa nangoja uniguse, Mama Raya."

Hakumwita shoga tena.

Baada ya muda Kamati iliketi, ikaona kwamba ukuta haukuwa na hatia, ikaamuru urudishwe kwa heshima zote. Safari hii ulijengwa mnene zaidi, kwa fidia. Zena akaanza Mikokoni, viatu mkononi. Raya akavaa sketi ya buluu iliyopigwa pasi, akapita mbele ya chuma cha vitumbua, na Siwema akapata alichokililia.

Kila alasiri humtengea mwanawe vitumbua vitatu vilivyonona, akavifunika visipoe, akakaa mlangoni. Raya hurudi. Lakini haji kwanza kwao. Hupita, huingia mlango wa pili bila kubisha hodi, na begi lake lote la masomo, amwelekeze Zena kila alichofundishwa siku hiyo, mpaka ile dunia ya mviringo, ambayo huionyesha kwa chungwa.

Siwema huacha jiko, akaenda kuweka sikio ukutani. Ana masikio mazuri, serikali imethibitisha. Humsikia Raya akisoma kwa sauti. Humsikia Zena akirudia. Husikia wote watatu wakicheka, na kicheko cha mwanawe hukitambua katikati ya vingine.

Kisha panakuwa kimya. Si kwamba wamenyamaza. Wameanza kuongea kwa mikono. Siwema huzuia pumzi, akajibanza zaidi, shavu lote kwenye saruji, na vitumbua nyuma yake vinapoa.